Kuchagua Ufukwe wa Kuogelea Pwani ya Antalya, Uturuki: Mwongozo Kamili

Kila kiangazi napokea ujumbe wa aina moja. Mtu amekwenda Istanbul kufuata mzigo, au kumtembelea kijana wake anayesoma huko, akaamua kuongeza siku nne za kupumzika kusini. Akatafuta picha, akaona maji ya samawati, akalipia hoteli. Amefika na watoto wawili na kukuta ufukwe wote ni mawe. Hatua tatu ndani ya maji, miguu ya mtoto haigusi chini. Siku nne zikaishia kwenye bwawa la hoteli.

Wengi wao ni watu wa pwani kabisa, wa Tanga, Mombasa na Unguja, waliokulia majini. Hao ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wanakwenda na maarifa ya bahari nyingine.

Picha hukuonyesha rangi ya maji. Haikuonyeshi mambo matatu yanayoamua siku yako: chini kuna nini, kina kinaongezeka vipi, na upepo unatoka wapi. Mwongozo huu unashughulika na hayo, katika kipande cha pwani ya Mediterania kinachoanzia Dalyan upande wa magharibi, kikapita Fethiye, Kaş na Antalya, hadi Alanya mashariki.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Ramani ya setilaiti kwenye simu. Google Maps inatosha. Utaitumia sana katika Hatua ya 4 na ya 5.
- Programu ya upepo na mawimbi, mfano Windy. Ijaribu kabla ya safari ili usijifunze ukiwa juani.
- Viatu vya majini, vile vyepesi vyenye soli ya mpira. Maduka ya ufukweni huviuza, lakini saizi ya mtoto usiitegemee kuipata pale pale.
- Mkeka au taulo kubwa, na mwavuli. Ukiwa navyo hulazimiki kukodi kitanda cha jua.
- Maji ya kunywa, kofia na mafuta ya kuzuia jua. Ngozi nyeusi nayo huungua. Julai na Agosti joto la Antalya hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na zipo siku linapita 40.
- Lira taslimu pamoja na kadi. Dolmuş, ambayo ndiyo daladala au matatu ya kule, mara nyingi hulipwa taslimu. Kwa mabasi na tramu za mji wa Antalya, nunua AntalyaKart.
- Maneno machache ya Kituruki. *Kum* ni mchanga, *çakıl* ni kokoto, *sığ* ni maji mafupi, *derin* ni kina kirefu, *dalgalı* ni bahari yenye mawimbi, *ücretsiz* ni bure, *ücretli* ni kwa malipo, *cankurtaran* ni mwokoaji. *Yüzmek tehlikeli ve yasaktır* maana yake kuogelea ni hatari na kumekatazwa.

Saa yako usiibadili. Uturuki na Afrika Mashariki zina saa zile zile mwaka mzima. Kumbuka tu kuwa ratiba yao ikiandika 14:00 wanamaanisha saa nane mchana.

## Hatua ya 1: Weka pembeni ratiba ya bamvua

Mtu wa pwani yetu huanza na swali moja: maji yanajaa saa ngapi? Kwa Unguja ni swali sahihi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na pale Paje au Jambiani unaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye mashamba ya mwani.

Mediterania imeungana na bahari kuu kwa mlango mwembamba wa Gibraltar, wenye kama kilomita 14 tu pale palipobana zaidi, na kupwa kwake ni kudogo mno. Antalya maji hupanda na kushuka kiasi cha shubiri moja au mbili. Jiwe unaloliona asubuhi utaliona na jioni. Ufukwe wenye kina cha ghafla utabaki hivyo kutwa nzima, wala hakuna saa ya kusubiri ili mtoto apate maji ya magotini.

Kinachoibadilisha bahari ile kati ya asubuhi na mchana ni upepo. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Onyo: Usidhani kwamba pasipo kupwa na kujaa hapana mikondo. Mawimbi yanayovunjika ufukweni husukuma maji mbele, na maji hayo lazima yapate njia ya kurudi. Njia hiyo ndiyo mkondo unaomvuta mtu nje.

## Hatua ya 2: Andika nani anaingia majini

Chukua karatasi. Andika kila mtu, umri wake, na kama anaogelea kweli au anapiga miguu tu. Andika pia kama yupo mwenye magoti mabovu, mjamzito, au anayehitaji faragha.

Ufukwe huchaguliwa kwa kumwangalia aliye dhaifu kuliko wote. Baba anayeogelea vizuri atafurahi popote. Mtoto wa miaka 4 ana fukwe chache sana zinazomfaa, na bibi wa miaka 70 hawezi kuteremka ngazi zaidi ya 180 za Kaputaş, halafu akazipanda tena saa nane mchana.

Umefaulu hatua hii kama una jina moja lililopigiwa mstari. Huyo ndiye anayechagua.

## Hatua ya 3: Chagua mwezi kabla ya ufukwe

Sisi tumezoea bahari yenye joto mwaka mzima. Antalya, maji ya Februari yana nyuzi 17 hivi, na Aprili bado ni baridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Mei yanafika karibu 21, Juni 24 au 25. Agosti yanapanda hadi 28 na zaidi, karibu sawa na kwetu. Septemba hayajapoa, na Oktoba bado ni 24 hivi.

Kwa familia kutoka Afrika Mashariki, napendekeza Septemba ya kati hadi Oktoba ya mwanzo. Bahari bado imeshika joto la kiangazi, jua limepungua makali, na shule za Uturuki zimefunguliwa kwa hiyo fukwe zimepungua watu. Juni ya mwanzo ndiyo chaguo langu la pili.

Epuka wiki za Idi zinapoangukia kiangazi. Waturuki wengi hushuka pwani kwa pamoja, barabara zinajaa na vyumba vinapanda bei.

## Hatua ya 4: Jua kama ni mchanga au kokoto

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na jibu lake liko kwenye ramani.

Uchukulie mji wa Antalya kuwa mpaka. Magharibi yake milima ya Toros inateremka moja kwa moja hadi baharini. Vijito vya huko ni vifupi na vya kasi. Hushusha mawe, na bahari huyasugua hadi yakawa kokoto laini. Ndiyo maana Konyaaltı, ufukwe mkubwa wa mji wenye kama kilomita 7, ni kokoto. Ukiendelea Göynük, Kemer, Tekirova hadi Çıralı, utakuta kokoto au kokoto zilizochanganyika na mchanga.

Mashariki ya mji milima inarudi nyuma na kuacha tambarare. Mito mikubwa, Aksu, Köprüçay na Manavgat, imemwaga udongo na mchanga pale kwa maelfu ya miaka. Lara, Belek na Side ni mchanga.

Kanuni fupi basi ni hii: magharibi kokoto, mashariki mchanga. Ina vighairi viwili vikubwa, vyote magharibi. Kimoja ni Patara, ufukwe wa mchanga unaotajwa kuwa na kilomita 18, ulioletwa na mto wa Eşen. Kingine ni İztuzu karibu na Dalyan, ulimi wa mchanga wa kilomita 4 na nusu, upande mmoja bahari na upande mwingine maji ya mto.

Sasa hakiki kwa setilaiti. Kuza picha hadi uone ukingo wa maji:

1. Ukanda wa nchi kavu ukiwa wa kijivu, ni kokoto. Ukiwa wa manjano au rangi ya biskuti, ni mchanga.
2. Mstari mweusi unaokwenda sambamba na ukingo, ndani kidogo ya maji, ni mabamba ya mwamba. Yana utelezi wa kuvunja mtu mguu. Yapo sehemu kadhaa za Alanya, hasa mashariki ya mji, hata pale ambapo mchanga wa nchi kavu ni mzuri kabisa.
3. Mabaka meusi yaliyotawanyika ni mawe au majani ya baharini. Anayetaka kupiga mbizi atafute haya. Mwenye watoto ayakwepe.

Kokoto nazo zina wenyewe. Maji yake ni maangavu kwa kuwa hakuna mchanga wa kutibuliwa, na jioni hutarudi na mchanga kwenye begi. Kama kundi lako ni la watu wazima wanaoogelea, Konyaaltı na Çıralı zinaweza kukupendeza kuliko Lara. Mradi ujue unakokwenda, na uvae viatu.

Onyo kuhusu katikati ya mji: Antalya ya kale imejengwa juu ya jabali. Hoteli inaweza kusema kweli kwamba iko mita 50 kutoka baharini, kumbe mita hizo ni za kuteremka. Safari yangu ya kwanza nilichukua chumba cha namna hiyo. Bahari niliiona dirishani, na njia ya kuifikia ilikuwa ngazi ndefu za chuma hadi kwenye jukwaa la zege, ambapo unaruka moja kwa moja kwenye kina. Mke wangu haogelei. Tulikaa siku mbili tukiitazama bahari kwa juu, na tangu hapo sijalipia chumba kabla ya kuangalia ukingo wake kwa setilaiti.

## Hatua ya 5: Pima kina kabla ya kufika

Mchanga peke yake hautoshi. Ufukwe wa Kleopatra pale Alanya ni mchanga, tena mzuri, lakini chembe zake ni kubwa na kina chake ni cha ghafla. Hatua chache tu, maji yako kifuani kwa mtu mzima. Bahari ikichafuka kidogo, wimbi huvunjikia pale pale ukingoni na kumwangusha mtoto aliyesimama.

Kwa setilaiti, angalia upana wa mkanda wa samawati nyepesi kati ya ukingo na buluu nzito. Ukiwa mwembamba kama uzi, kina ni cha ghafla. Ukiwa mpana, mita 30 au 50 au zaidi, maji yanaongezeka polepole. Tumia kifaa cha kupimia umbali kwenye ramani yako. Usikadirie kwa macho.

Kwa kipimo hicho, Side, Lara, Patara na İztuzu zina maji mafupi. Kleopatra, Konyaaltı, Belcekız ya Ölüdeniz na Kaputaş zina kina cha haraka. Kati ya Side na Alanya kuna ufukwe unaoitwa İncekum. Jina lenyewe maana yake ni mchanga laini, na maji yake ni mafupi. Kwa watoto wadogo naupenda kuliko Kleopatra, ingawa Kleopatra ndiyo yenye sifa.

Kisha mwandikie mwenye hoteli maswali mawili, kwa Kituruki ili asikwepe: *Plaj kumlu mu, çakıllı mı?* (Ufukwe ni wa mchanga au kokoto?) na *Deniz hemen derinleşiyor mu?* (Je, bahari inakuwa na kina mara moja?). Jibu likija na picha za bwawa, huyo amekujibu.

Umefaulu kama unaweza kumwambia mtu kwenye simu, kabla hujapanda ndege: “Pale ni mchanga, na mtoto anaweza kutembea hatua ishirini maji yakiwa kiunoni mwake.”

## Hatua ya 6: Soma upepo na uelekeo wa ufukwe

Sisi tuna kaskazi na kusi, upepo unaokaa miezi. Kule, kiangazi, upepo hubadilika ndani ya siku moja. Alfajiri hewa huteremka kutoka milimani kwenda baharini, na bahari hulala kama kioo. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unageuka na kuanza kuja kutoka baharini. Kuanzia saa tano au sita huongezeka, mchana ndipo unapokuwa mkali zaidi, na jua likikaribia kuzama hutulia.

Kwa hiyo ufukwe mmoja una sura mbili. Patara saa tatu asubuhi ni mahali pa mtoto. Patara saa tisa mchana ni mawimbi, na mchanga unaopigwa na upepo hadi ukuchome miguuni. Wengi huandika kwamba Patara ni mbaya kwa sababu walifika baada ya chakula cha mchana.

Uelekeo nao una maana. Pwani ya Kemer hadi Çıralı inatazama mashariki, mgongoni ina milima. Mlima Tahtalı peke yake una mita 2,365. Asubuhi unapata jua mapema, na alasiri kivuli cha mlima hukufikia wakati Lara bado inawaka. Patara na Kleopatra zinatazama upande wa machweo, kwa hiyo jioni ni nzuri lakini upepo na mawimbi ya magharibi huzipiga moja kwa moja.

Kuna majina mawili utakayoyasikia kwa wavuvi. *Lodos* ni upepo wa kusini magharibi. Ukivuma, fukwe zilizo wazi upande huo huchafuka, nawe tafuta ghuba iliyojificha kama Adrasan au bandari za kale za Phaselis, ambako misonobari inafika hadi majini. *Poyraz* hutoka kaskazini mashariki.

Onyo kubwa: Upepo unaotoka nchi kavu ndio unaodanganya. Bahari inaonekana shwari kabisa, na hapo ndipo boya la plastiki au godoro la kujaza hewa huchukuliwa na mtoto akiwa juu yake. Ukiona bendera za ufukweni zinapepea kuelekea baharini, toa upepo kwenye vitu hivyo, uviweke kwenye begi.

Jioni kabla ya kwenda, fungua Windy, weka kidole kwenye ufukwe wako, angalia saa tatu asubuhi na saa tisa mchana. Umefaulu ukiwa na mpango wa nusu siku mbili: asubuhi baharini, mchana mahali penye kivuli.

## Hatua ya 7: Hakiki usafi wa maji

Tafuta Bendera ya Bluu, kwa Kituruki *Mavi Bayrak*. Uturuki ina fukwe zaidi ya 500 zenye bendera hiyo, na mkoa wa Antalya peke yake una zaidi ya 200. Ili kuipata, maji lazima yapimwe kwa msimu mzima, na ufukwe uwe na huduma za usalama, vyoo na ubao wa taarifa.

Bendera hiyo hutolewa kwa msimu na inaweza kushushwa, kwa hiyo itazame mlingotini, siyo kwenye tangazo la zamani. Tena haisemi lolote kuhusu kokoto, kina wala mawimbi. Konyaaltı inayo na ni mawe. Çıralı ya kule mwisho wa barabara haihitaji bendera ili maji yake yawe safi.

Wizara ya Afya ya Uturuki nayo hupima maji ya kuogelea na kuchapisha matokeo mtandaoni. Bila hayo yote, shika tabia ya kawaida: usioge karibu na bandari, wala kwenye mlango wa mto, hasa siku mbili za kwanza baada ya mvua.

## Hatua ya 8: Jua haki yako, ada na faragha

Sheria ya Pwani ya Uturuki, namba 3621 ya mwaka 1990, inasema pwani ni ya wote, kwa usawa na bila kizuizi. Katiba yao pia inaiweka pwani chini ya dola. Hoteli inaweza kukodisha vitanda na miavuli. Ukingo wa maji haiumiliki.

Lakini likizo si mahali pa kubishana na mlinzi. Tafuta kibao cha *Halk Plajı*, yaani ufukwe wa umma. Konyaaltı, Lara, Side na Alanya zote zina sehemu hizo, na ukiwa na mkeka wako hulipi kitanda.

Baadhi ya sehemu zina ada ya mlangoni kwa sababu ziko ndani ya hifadhi au magofu. Patara na Phaselis ni miji ya kale, na unaingia ufukweni kupitia lango lake. Ölüdeniz, ile ghuba tulivu ya Kumburnu inayoonekana kwenye picha zote ina ada. Ufukwe wa Belcekız ulio jirani ni wazi kwa wote. Watu hufika Belcekız, wakakuta mawimbi na kokoto, wakasema picha ni za uongo. Walisimama upande usio wa picha.

Kwa akina mama wanaotaka kuogelea bila macho ya wanaume, Antalya ina ufukwe wa manispaa wa wanawake, *Sarısu Kadınlar Plajı*, mwisho wa magharibi wa Konyaaltı. Na kwenye fukwe za kawaida utawaona Waturuki wengi wakiogelea na vazi la kusitiri mwili mzima, kwa hiyo usione haya.

## Hatua ya 9: Ukichagua ufukwe wa kasa, fuata masharti yake

İztuzu, Patara, Çıralı na Belek ni mazalio ya kasa, hasa duvi. Hutaga kuanzia Mei, na watoto huendelea kutoka hadi mwanzoni mwa vuli. İztuzu ingekuwa na hoteli kubwa juu yake leo, kama wanamazingira, akiwemo Mwingereza June Haimoff aliyeishi pale pale ufukweni, wasingepiga kelele miaka ya 1980.

Masharti ni machache na yana sababu. Usiku ufukwe hufungwa, İztuzu ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi, kwa sababu mama kasa akistushwa hurudi baharini bila kutaga. Taa ni marufuku: mtoto wa kasa akitoka shimoni hufuata mwanga wa bahari, na tochi yako humpeleka kinyume hadi afe kwa jua la asubuhi. Mwavuli uchomekwe karibu na maji tu, katika eneo lililowekewa alama, kwani ncha yake inaweza kutoboa mayai. Na mashimo waliyochimba watoto wako yafukieni kabla ya kuondoka.

Wenzetu wa Mafia na Watamu wanafanya kazi hiyo hiyo ya kulinda mazalio. Ukiwa mgeni, linda ya wenzako kama ungependa yako yalindwe.

## Kama ningekuchagulia mimi

Watoto chini ya miaka 8: kaa Side. Mchanga, maji mafupi, magofu ya kutembelea jioni, na ni kilomita 70 hivi kutoka Antalya.

Mnaokaa mjini bila gari: Konyaaltı asubuhi kwa viatu, Lara siku inayofuata. Zote zinafikika kwa basi.

Wawili mnaotaka utulivu: Çıralı, siku tatu, bila kukimbia. Usiku pandeni Yanartaş mkaone moto unaotoka mwambani wenyewe kwa gesi ya asili.

Wenye gari na siku saba: ruka hadi Dalaman badala ya Antalya. İztuzu, Ölüdeniz, Patara na Kaş zote zinakuwa karibu. Kaputaş iko kando ya barabara ya D400 kati ya Kalkan na Kaş. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, maana maegesho ni machache.

Bonde la Vipepeo, Kelebekler Vadisi, nenda kwa boti. Njia ya kuteremka kutoka Faralya ni ya kamba kwenye jabali, na watu wamepoteza maisha pale.

## Hatua ya 10: Ukifika, jaribu kabla ya kutandika

Usitandike mkeka kwanza. Simama dakika tano, utazame.

Angalia bendera ya mwokoaji. Kijani, ingia. Njano, ingia kwa tahadhari, watoto wabaki ukingoni. Nyekundu, hakuna kuingia hata kama unaona wengine wamo. Kisha tafuta mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, palipo kimya katikati ya povu. Macho ya mgeni huona ni pazuri. Huo ndio mkondo unaorudi nje. Tandika mbali na hapo.

Mtu mzima mmoja aingie peke yake hadi maji ya kifuani, akitembea taratibu, akiona ni hatua ngapi. Akirudi, aseme mpaka wa watoto. Hapo ndipo wengine waingie.

Ukishikwa na mkondo, usipambane nao kuelekea nchi kavu. Ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye njia yake, halafu ndipo urudi. Namba ya dharura nchi nzima ni 112.

Ukipigwa na yavuyavu, suuza kwa maji ya bahari, usisugue, usitumie maji baridi ya kunywa. Aliyepigwa akishindwa kupumua vizuri, piga 112 mara moja. Aina mojawapo kubwa ya yavuyavu pwani ile imetoka kwenye bahari zetu, ikapita Mfereji wa Suez. Hata tasi amefika. Nimemwona sokoni Antalya, nikasimama pale kama niliyekutana na mtu wa mtaani kwetu. Bunju naye kafika, tena ana sumu ile ile. Ukimwona kwenye maji au ametupwa mchangani, mtoto asimguse.

Kabla hujakaa kabisa, muulize dereva wa dolmuş: *Son dolmuş saat kaçta?* Gari la mwisho ni saa ngapi? Kwa Patara na Çıralı, likikuacha utatembea kilomita kadhaa gizani na watoto mgongoni.